Usiibane haja: tiba ya kwanza ya choo kigumu

Leo tuzungumzie maradhi ambayo wengi tunayaonea haya: kukosa choo. Mtu anapopata choo chini ya mara 3 kwa wiki, au kikawa kigumu na cha kujikamua kwa maumivu, hiyo ndiyo hali yenyewe.

Dereva mmoja wa lori, akisubiri kuvuka hapa Tunduma kwenda Zambia, alinijia akiwa siku ya 5 bila choo. Alitaka dawa kali ya kuharisha. Nilipomhoji, akasema haja ilimjia kila asubuhi, lakini aliibana kwa kuogopa kuacha mzigo. Na maji alikunywa kidogo ili asishuke mara kwa mara.

Ugonjwa wake ulianzia hapo. Utumbo mpana hufyonza maji. Kinyesi kikikaa humo muda mrefu, hukauka na kuwa kigumu. Ukijikamua unaweza kupata mchaniko au bawasiri, kisha kwa kuogopa maumivu unazidi kubana.

Mtume (s.a.w.) ametukataza kuswali hali tunabana haja, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.) katika Sahihi Muslim. Basi nenda chooni kwanza, tia udhu, kisha uswali. Adabu hii inalinda khushui, na utumbo nao unanufaika.

Nyumbani fanya haya:

1. Tenga dakika chache chooni kila siku baada ya kifungua kinywa, kwani chakula kikiingia tumboni utumbo huamka. Mwenye choo cha kukaa aweke miguu juu ya kigoda.

2. Kunywa maji ya kutosha, hata wakati wa baridi ya Mbozi ambapo kiu haisikiki. Ramadhani, yagawe maji kuanzia futari hadi daku.

3. Kula dona badala ya sembe. Ongeza maharage, majani ya maboga, matembele, papai na parachichi, vyakula ambavyo sokoni kwetu vinapatikana. Anza kidogo kidogo, usije ukajaa gesi.

4. Tembea, hasa wewe unayeshinda umekaa dukani au kwenye usukani.

Wapo watakaouliza kuhusu sanamaki. Ni dawa kweli, ila huusukuma utumbo kwa nguvu. Itumie siku chache tu. Mjamzito na mtoto wasipewe bila ushauri wa tabibu, na mwenye maumivu makali ya tumbo asiiguse. Msimwingizie mtoto maji ya sabuni au mitishamba kwa njia ya haja kubwa. Yanaweza kumjeruhi utumbo. Mjamzito anayefungwa choo na vidonge vya kuongeza damu asiviache, aeleze kliniki.

Usione haya kwenda hospitali ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, au choo kikibadilika ghafla baada ya umri wa miaka 50. Tumbo likivimba, ukatapika na hata hewa haitoki, nenda saa hiyo hiyo. Usinywe dawa yoyote ya kuharisha.

Mwisho, walimu wa madrasa na wazazi: mtoto akiomba ruhusa ya kwenda chooni, mpeni. Na choo chenyewe kiwe safi, kina mlango na maji ya kustanji, ili asibane mpaka arudi nyumbani.

Wabillahi tawfiq.