Deni la Simu na Utulivu wa Moyo

Ndugu Waislamu, masiku haya hutujia watu msikitini wakitaka wasomewe, wakidhani wamepatwa na jini au jicho. Hawalali, chakula hakiwapiti kooni, na simu ikilia mioyo huwaenda mbio. Ukiwauliza kwa upole, utaona baadhi yao hawana jini. Wana deni, nalo limo mfukoni, ndani ya simu.

M-Shwari ilianza mwaka 2012, na baada yake zikaja programu nyingi za kukopesha. Qur'ani yatuamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Huku mtu hukopa usiku kitandani, mkewe yu kando yake wala hana habari. Ilipoanza, M-Shwari ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30: mwenye kukopa shilingi 1,000 hulipa 1,075, na akishindwa huongezwa kadiri hiyo tena. Huitwa ada. Nyongeza iliyoshurutizwa juu ya mkopo ni riba, iitwe utakavyo.

Ama dhara yake kwa nafsi ni hii. Mwenye duka wa mtaani alipokudai alikuona uso, akajua kuwa mtoto mgonjwa au bahari imechafuka, akakungoja. Na kumngoja mwenye dhiki mpaka apate wasaa ni amri ya Mwenyezi Mungu. Simu haikuoni. Maskini hukopa huku akalipe kule, na kila alfajiri hisabu imezidi.

Baya zaidi, walikuwako wakopeshaji waliochukua majina yaliyomo katika simu ya mdaiwa, wakawapigia mkwewe na mwajiri wake. Mtu akavuliwa sitara yake. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilikataza jambo hilo, pamoja na vitisho na matusi. Wengi hawalijui, wakadhani hawana pa kushitaki.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga ya hamu na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akataja uzito wa deni. Basi mwenye deni asikope jingine, na amwambie mkewe au nduguye leo. Usingizi ukimkataa wiki baada ya wiki, aende kwa daktari. Kufanya hivyo si upungufu wa imani. Nasi tulio msikitini tukumbuke kuwa wenye madeni wana fungu lao katika zaka, nasi aghlabu hulisahau. Kabla hatujaigawa mwaka huu, tuulizane mtaani ni nani aliyezima simu yake kwa khofu.