"Outstanding": Sifa au Deni?

Ndugu mkulima, ukiona neno "outstanding" katika barua yako, usifurahi upesi, wala usishtuke. Tazama kwanza limefuatana na neno gani.

Limeunganishwa kwa maneno mawili madogo: "out", yaani nje, na "standing", yaani kusimama. Basi ni kitu kilichosimama nje ya vingine, kama jiwe lililochomoza ukutani. Kutoka hapo Waingereza wamepata maana mbili zisizopatana.

Maana ya kwanza ni sifa. Fahali aliyewashinda wenzake katika maonyesho ya kilimo huitwa hivyo, na mwanafunzi aliyewapita wenzake huandikiwa hivyo katika ripoti yake. Ndiyo sababu mtoto wa shule, ukimpa barua ya mkopo akusomee, anaweza kukuambia, "Baba, wanasema umefanya vizuri sana." Amejibu kama alivyofundishwa. Lakini barua ilisema "outstanding balance", na hiyo si sifa hata kidogo. Ni deni lililobaki.

Kosa hili lina gharama. Katika skimu za makao zilizoanza miaka ya 1960, mkulima alipata shamba kwa mkopo wa Settlement Fund Trustees, naye alitakiwa kuulipa kwa mafungu, pamoja na riba. Aliyeiweka barua chini ya godoro hakulizuia deni kukua. Sheria ya Ardhi ya 2012 imeleta Land Settlement Fund, lakini jambo hili halikubadilika: shamba lililokopewa halitoki katika rehani mpaka deni liishe. Wako watoto waliorithi shamba pamoja na deni lake.

Basi, neno linalofuata likiwa "farmer", "work" au "results", umesifiwa. Likiwa "loan", "amount", "balance" au "interest", unadaiwa. Katika mikutano ya chama cha ushirika utasikia pia "outstanding matters". Hayo ni mambo yaliyosalia bila kumalizwa, hata yakiwa madogo. (Sisi makarani tunapenda neno moja refu kuliko matatu mafupi.)

Wengine wakishajua haya huingiwa na hofu isiyo na sababu. Tuseme ulikopa shilingi 60,000, nawe umekwisha kurudisha 20,000 kwa siku zilizopangwa. Tukiacha riba, "outstanding balance" yako ni 40,000, na huna kosa lolote. Neno la kuangalia sana ni "arrears", yaani malipo ambayo siku yake imepita. Ikiwa katika hizo 40,000 zimo 5,000 zilizotakiwa mwezi wa Juni na hukuzileta, hizo 5,000 ndizo "arrears", nazo ndizo za kulipwa kwanza.

Kwa hiyo chukua barua pamoja na stakabadhi zako zote, nenda ofisini, uulize mambo mawili: deni lote lililobaki ni kiasi gani, na lililopita siku yake ni kiasi gani? Mwambie karani akuandikie hesabu hizo mbili mbalimbali, kila moja na tarehe yake, kisha atie sahihi.