Somo la Kiingereza la Jumamosi

Ndugu zetu wa mwethya huku Kitui na Makueni, kama kikundi chenu kinataka kuwafundisha Kiingereza watoto wa JSS, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, msianze na kitabu. Anzeni na swali: saa moja ikiisha, mtoto ataweza kusema nini?

Tuseme ni mambo ya sokoni. Chagueni sentensi moja tu: "How much is this?" Dakika 10 mwalimu aiseme, wote waitikie. Dakika 35 ni za watoto wenyewe, wawili wawili: mmoja auze ndengu, mwenzake anunue, halafu wabadilishane. Zinazobaki waandike walichosema. Daftari hakuna? Mchanga unatosha.

Sasa lile linalotusumbua. Kikamba hakina sauti ya r, kwa hivyo "rice" inageuka "lice", na mchele unakuwa chawa. Darasa likicheka, huyo mtoto hafungui mdomo tena. Mngoje amalize sentensi yake, kisha wote mjaribu pamoja, mkianzia na Kiswahili: kula, kura. Hata mwalimu ajaribu, manake naye ni Mkamba.

Na neno likiwa gumu, lielezeni kwa Kikamba. Wengine wetu tulivishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mama. Kiingereza hatukukipata kwa hicho kibao. Tulijifunza kunyamaza tu.

Jumamosi inayofuata, rudieni sentensi ile ile kabla ya kuongeza nyingine.