Saa za Mwanafunzi wa Kutwa

Siku ya mwanafunzi wa sekondari hugawanyika katika mafungu machache: masomo ya darasani, njia ya kwenda na kurudi, kazi za nyumbani, kujisomea, kucheza na kulala. Fungu moja likiongezeka, jingine hupungua, na mara nyingi yanayopunguzwa ni kujisomea na usingizi, kwa kuwa hayana mtu wa kuyadai. Mwanafunzi wa bweni hupangiwa siku yake na kengele: ya kuamka, ya mstarini, ya chakula, ya prepu, ya kuzima taa. Wa kutwa hana kengele tena akishatoka getini. Ndiyo maana kijitabu hiki kinamhusu yeye kwanza, pamoja na wazazi na walezi anaokaa nao.

Nchini Tanzania wanafunzi wa aina hii ni wengi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, kata nyingi zilijenga shule zake, na mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa katika shule za serikali. Watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wakapata dawati. Kilichobaki kigumu ni kile kinachotokea kati ya kengele ya mwisho ya mchana na kengele ya kwanza ya asubuhi.

Siku moja ilivyo

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hali ya wengi. Msichana wa kidato cha tatu anaishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafagia uwanja, anaosha vyombo vilivyolala, anamwandaa mdogo wake, na saa kumi na mbili yuko kituoni. Nauli yake ni ya mwanafunzi, hivyo konda anamzuia mlangoni mpaka watu wazima wamalizike kupanda. Daladala ya kwanza inampita, ya pili inampita. Vipindi vya dakika 40 vinakwisha mchana, kunafuata usafi, kisha safari ile ile, na anafika nyumbani karibu saa kumi na moja jioni. Hapo madumu ya kuchotea maji yanamsubiri, na jiko pia. Chakula kinaliwa saa mbili usiku, na saa tatu ndipo anaposhika daftari. Akisoma mpaka saa sita, amebakiwa na saa tano za kulala.

Mwanafunzi kama huyu akisinzia kwenye kipindi cha Hisabati, si haki kumwita mvivu. Tatizo lake ni hesabu ya saa, na hesabu hiyo inaweza kuandikwa kwenye karatasi. Kwa wiki moja aandike kila usiku alichofanya na saa alizotumia, bila kujipendelea. Karatasi hiyo itaonyesha mambo mawili: saa zisizoweza kuguswa, na vipande vilivyopotea bila mtu kujua, kwa mfano nusu saa ya kusubiri usafi uanze, au saa nzima ya Jumamosi mbele ya runinga ya jirani. Ratiba iliyotungwa kabla ya hesabu hii huwa nzuri ukutani tu.

Usingizi si akiba ya kuchotwa

Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Wakati wa usingizi ubongo huendelea kuimarisha yale yaliyosomwa mchana, kwa hiyo anayekesha hupoteza mara mbili: kesho yake anasikiliza kwa shida, na alichokisoma usiku hakishiki vizuri. Tena katika ujana homoni ya usingizi, melatonini, huanza kufanya kazi usiku ukiwa umesogea kuliko kwa mtoto mdogo. Kijana asiyepata usingizi saa tatu usiku hajafanya ukaidi. Mwili wake ndio uliochelewa. Kwa kuwa shule haisogezi muda wa kuingia, kazi za alfajiri ndizo za kupunguzwa. Vyombo vikioshwa usiku na mtu mwingine, mwanafunzi hupata dakika kadhaa za usingizi asubuhi bila gharama yoyote.

Mwezi wa Ramadhani, kwa wanaofunga, usingizi hukatwa vipande viwili na daku. Katika mwezi huo kulala kidogo mchana baada ya shule kuna faida kubwa kuliko kujilazimisha kusoma kwa njaa, na muda mzuri wa daftari unakuwa baada ya futari, kichwa kikiwa kimetulia.

Kidogo kila mara

Wanafunzi wakisoma kwa bidii husema wanapiga msuli, na wengi huupiga wiki ya mtihani. Mtafiti Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba mtu husahau kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Alionyesha pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda marudio mengi ya siku moja. Tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha jambo hilo. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma tena na tena na wale waliosoma kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kusoma tena hufanya somo lionekane limeshaeleweka, na hapo wanafunzi wengi hudanganyika.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Mwalimu wa Kemia amefundisha dhana ya moli Jumatatu. Jioni hiyo mwanafunzi anafunika daftari na kuandika kwa dakika 15 anachokikumbuka: moli ni nini, fomula ipi inatumika lini, swali la ubaoni lilifanywaje. Anafunua, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Jumatano anafanya swali moja bila kuangalia mfano, Jumamosi mawili, na baada ya wiki mbili matatu kutoka kwenye mitihani iliyopita. Jumla ya muda haifiki saa mbili, na haukuhitajika usiku hata mmoja wa kukesha. Vipande hivi vidogo ndivyo vinavyomfaa mwanafunzi wa kutwa, maana hata foleni ya bomba au benchi la kituo linatosha kwa marudio ya dakika kumi.

Kukadiria na kuahirisha

Kazi huchukua muda mrefu kuliko anavyodhani anayeifanya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada walikadiria kumaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 34 hivi. Walitumia takriban 55. Kwa mwanafunzi wa Tanzania kuna sababu ya ziada. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja wa kitabu cha Biolojia kwa mtoto wa kidato cha kwanza ni kazi ya kusoma na ya kamusi kwa pamoja. Ratiba inayompa nusu saa kwa sura nzima imemwonea. Ni afadhali kuongeza nusu ya muda uliokadiriwa, na kuacha sehemu moja ya wiki bila kupangiwa kitu, ili kazi zilizochelewa zipate pa kuingia.

Kuahirisha nako kuna tabia yake. Dianne Tice na Roy Baumeister, mwaka 1997, waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kwa muhula mmoja. Mwanzoni wenye kuahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Muhula ulipokaribia mwisho walikuwa na msongo mkubwa zaidi, waliugua zaidi, na alama zao zilikuwa za chini. Raha ya mwanzo ndiyo inayowavuta. Walimu wana nguvu hapa: zoezi kubwa likigawanywa na kila sehemu kupewa siku yake ya kukusanywa, mwanafunzi hapati nafasi ya kulirundika.

Muda wa mwanafunzi ni jambo la nyumba nzima

Ushauri mwingi kuhusu ratiba huzungumza na mwanafunzi kana kwamba anaishi peke yake. Ukweli ni kwamba anayetumwa dukani saa moja usiku hawezi kukataa, na katika malezi ya kwetu hatarajiwi kukataa. Mwaka 2016 UNICEF ilieleza kwamba, duniani, wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda mrefu kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa rika lao katika kazi za nyumbani zisizo na malipo. Ndani ya nyumba moja, kaka na dada wa darasa moja wanaweza kufanya mtihani mmoja wakiwa na saa tofauti kabisa za kujiandaa.

Kinachosaidia ni mazungumzo mafupi, karatasi ya wiki ikiwa mezani. Mlezi na mwanafunzi wachague saa moja ya jioni isiyoguswa, hata kama ni moja tu, na wote nyumbani waijue. Kazi zigawanywe kwa zamu bila kujali nani ni wa kike. Maji yanaweza kuchotwa mengi Jumamosi. Msimu wa kupalilia au kuvuna ujulikane mapema, ratiba ipunguzwe kwa wiki hizo badala ya kuvunjika. Simu ya mama au ya kaka itumike kusomea kwa saa iliyotajwa, kisha irudishwe kwa mwenyewe.

Mwaka wa kidato cha nne

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kabla yake kuna mtihani wa utamilifu, moko. Kuanzia Januari hadi moko, saa za kujisomea zigawanywe kwa masomo yote. Baada ya moko, karatasi zilizosahihishwa zisomwe swali kwa swali, na mada zilizoangusha zipewe vipindi vingi kuliko zile zinazopendwa, jambo ambalo wanafunzi wengi hufanya kinyume chake. Septemba na Oktoba ni za kujibu mitihani iliyopita kwa saa kamili, mezani, bila daftari, ili mkono uzoee mwendo wa mtihani wenyewe. Wiki ya mwisho mada mpya hazifunguliwi. Marudio yanakuwa mafupi, sare na kalamu huandaliwa jioni, mtu mwingine anashika madumu, na mwanafunzi analala mapema kila siku mpaka karatasi ya mwisho.