Kovu Lisifutwe: Kulinda na Kufungua Maeneo ya Vita Kandokando ya Ziwa Victoria

Mlango wazi, habari imefungwa

Kutoka Kapripoint mjini Mwanza, boti huchukua dakika chache tu kufika Kisiwa cha Saanane. Mgeni huenda kutazama swala pala, pimbi wanaoota jua juu ya majabali, kenge na ndege wa majini. Kisiwa hiki kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa yenye eneo la kilometa za mraba 2.18 tu, maji yakiwemo. Lakini kuna jambo jingine lililotokea hapo. Mwishoni mwa Machi 1979, Vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia mtawala wa Uganda, Idi Amin, ilikuja kulipua ghala la mafuta la Mwanza. Ilikosa shabaha, na shambulio likaangukia Saanane. Wanyama kadhaa wakafa na mfanyakazi mmoja akajeruhiwa. Jiji zima lilinusurika kwa kosa la rubani, na waliolipa ni swala.

Mgeni anaweza kukizunguka kisiwa chote, akapiga picha, akarudi mjini bila kujua kwamba amekanyaga ardhi iliyopigwa katika vita vya nchi yake. Mlango uko wazi na habari imefungwa. Hilo ndilo tatizo linalojadiliwa katika kijitabu hiki, na hoja yetu ni moja: geti na rangi mpya havitoshi kufungua eneo la vita. Eneo hufunguka pale ushahidi wake unapolindwa na habari yake inapomfikia anayelitembelea. Kwa hiyo kazi ya ukarabati ianze na habari, ifuate ardhi, na kuta zije mwisho. Mpangilio huu ukigeuzwa, fedha itatumika na kovu litafutika.

Vita vilivyopita ziwani

Wengi wetu tukisikia vita na Kanda ya Ziwa, tunawaza Kagera peke yake. Lakini ziwa hili liliwahi kuwa uwanja wa mapambano zaidi ya miaka 60 kabla ya hapo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walishika Mwanza na Bukoba, Waingereza wakashika Kisumu na Uganda, na maji yakawa mpaka. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Uingereza yaliyosafiri kwa meli kutoka Kisumu yaliishambulia Bukoba, yakavunja kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, kisha mji ukaporwa. Juni 1916 Waingereza wakakiteka kisiwa cha Ukerewe. Mwezi uliofuata kikosi cha Brigedia Jenerali Crewe kilishuka ufukweni mashariki mwa Mwanza, na tarehe 14 Julai 1916 mji ukawa mikononi mwake. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora, ambayo nayo ilichukuliwa na majeshi ya Ubelgiji Septemba mwaka huohuo.

Tuitazame Ukerewe kwa karibu, maana inatufundisha maana ya eneo la vita. Kisiwa kilitamaniwa kwa sababu ya mpunga wake, uliokuwa chakula cha askari wa upande wa Wajerumani. Aliyekinyakua alikuwa ameshika sufuria ya adui. Basi shamba la mpunga la mkulima wa Ukerewe, bandari uliposhushiwa, na njia aliyopita mpagazi akiwa na mzigo kichwani, vyote ni sehemu ya uwanja wa vita. Tukitafuta mahandaki na mizinga tu, tutalinda habari za maofisa na kuacha habari za walio wengi. Katika vita vile Afrika Mashariki ilipoteza makumi ya maelfu ya wapagazi, na maradhi na njaa viliua wengi wao kuliko risasi.

Hata jabali linalopigwa picha kuliko yote Mwanza, lile lililosimama majini karibu na mji, linaitwa Bismarck Rock kwa jina la kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kufika hapa. Tumelitumia jina hilo kwa vizazi kadhaa kama vile ni jina la samaki. Hatusemi libadilishwe. Tunasema anayelitaja aelezwe lilitoka wapi, aliyeliweka alikuwa na mamlaka gani, na aliondokaje.

Kisha ukaja mwaka 1978. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, na Novemba mosi akatangaza kwamba ardhi yote kati ya mpaka na Mto Kagera, takriban kilometa za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Nyumba zilichomwa, mifugo kwa maelfu ikaswagwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, na inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Novemba 3 daraja la Kyaka lililipuliwa kwa baruti, baada ya ndege kushindwa kulivunja kutoka angani. Kabla mwezi haujaisha, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa limetandika daraja la muda na kuvuka mto. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Mwanza ilikuwa nyuma ya mstari wa mbele, lakini uwanja wake wa ndege ulitumiwa na ndege zetu za kivita. Ndege ya Libya nayo iliutafuta mji huu kwa ajili ya ghala lake la mafuta.

Kukarabati bila kufuta

Kyaka, wilayani Missenyi, limebaki gofu la kanisa lililobomolewa katika vita hivyo. Mtu mwenye nia njema atasema: tulijenge upya, tupige plasta, tupake rangi, liwe la kupendeza. Nia ni njema, matokeo ni hasara. Tundu la risasi likizibwa kwa saruji, ushahidi umezikwa. Nondo iliyopinda ikikatwa ili pawe safi, tumeondoa kitu pekee kilichokuwa kikionyesha nguvu ya mlipuko. Kanisa jipya waumini wanaweza kulijenga popote. Gofu la mwaka 1978 halijengeki tena.

Ukarabati wa gofu una kanuni zake, na si ngumu kueleweka. Kwanza, adui mkubwa ni maji, hasa katika kanda yenye mvua nyingi kama Kagera: mvua ielekezwe mbali na msingi, na vichwa vya kuta vifunikwe ili maji yasipenye katikati. Pili, mizizi ya miti iliyoota ukutani ikatwe taratibu. Aking'oa kwa nguvu, fundi hung'oa na matofali. Tatu, kiungio kipya kisiwe kigumu kuliko ukuta. Saruji nzito ikibandikwa juu ya ukuta wa zamani wa chokaa au udongo hunasa unyevu ndani, na baada ya misimu michache ukuta humeguka vipande. Kanuni hii inahusu hata majengo ya enzi ya Wajerumani yaliyobaki Mwanza na Bukoba. Nne, kila kilichoongezwa kitambulike kuwa kimeongezwa, ili mgeni asidanganyike.

Kwamba kuta si roho ya eneo, ushahidi upo hapahapa nchini. Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Kalenga, Iringa, ilivunjwa na Wajerumani mwaka 1894, lakini watu huenda Kalenga hadi leo, kwa sababu fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 limehifadhiwa huko na habari yake inasimuliwa. Songea, kila Februari 27 watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa mwaka 1906, na makumbusho yalifunguliwa hapo mwaka 1980 kuwahifadhia kumbukumbu. Mahali pote pawili kilichoshika eneo ni simulizi na desturi ya kukumbuka, na majengo yamekuja kuitumikia.

Pia kuna suala la sheria ambalo wananchi wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na mabaki ya kabla ya mwaka 1863. Kilicho cha baada ya hapo huhitaji kutangazwa rasmi na waziri ndipo kilindwe. Maana yake, bila tangazo, handaki la mwaka 1916 au gofu la mwaka 1978 halilindwi kwa umri wake tu. Tingatinga la barabara linaweza kulisawazisha asubuhi moja, na chuma chake kikapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndiyo sababu tunasema habari itangulie: waziri hawezi kutangaza mahali ambapo hapana aliyepaandika.

Majibu kwa wenye shaka

Wapo wanaosema vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vya wazungu, na havituhusu. Ni kweli ugomvi haukuwa wetu. Lakini wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi zile zilikuwa babu zetu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya mwanajeshi Mwafrika, tena maandishi yake yamo ya Kiswahili. Tukiyaacha maeneo hayo kwa kuwa yana harufu ya ukoloni, tutawaacha wakoloni waendelee kuyasimulia peke yao, kwa vitabu vyao na kwa majina ya majenerali wao.

Wengine wanahofia kwamba kufungua maeneo ya Vita vya Kagera kutawaudhi jirani zetu wa Uganda. Hofu hii ingekuwa na uzito kama habari ingesimuliwa nusu. Habari nzima ni kwamba Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na wanajeshi wetu, na kwamba raia wa Uganda walikuwa wa kwanza kuteswa na utawala ule. Ikisimuliwa hivyo, Kyaka panakuwa mahali pa Watanzania na Waganda kukutana. Kinachozua uhasama ni eneo lisilo na maelezo, ambalo kila mpita njia hulijazia chuki yake mwenyewe.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema majeraha bado mabichi, tuyaache yapone. Tunaiheshimu, maana wajane na yatima wa vita hivyo wangali hai. Ila kunyamaza hakujawahi kuwa dawa. Rwanda, jirani yetu, ilihifadhi maeneo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wakati manusura wakiwa hai na wakishiriki, na mwaka 2023 UNESCO ikayaingiza manne kati yake katika orodha ya urithi wa dunia. Funzo la kuchukua hapo ni kwamba wenye jeraha ndio waamue kipi kionyeshwe na kipi kisitiriwe. Makaburi ya mashujaa wa Vita vya Kagera yaliyoko Kaboya, wilayani Muleba, hayawezi kuendeshwa kama bustani ya mapumziko. Mahali pengine pa kuingia kwa tiketi, pengine pa kuvua kofia na kunyamaza.

Mwisho, watu huuliza fedha itoke wapi. Hapa ndipo mpangilio wetu unaposaidia. Kinachokula fedha ni kujenga. Kusimulia ni nafuu. Saanane tayari pana boti, njia, waongozaji na wahifadhi. Kuongeza habari ya mwaka 1979 ni kazi ya kibao kimoja kilichoandikwa vizuri kwa Kiswahili na siku chache za kuwanoa waongozaji. Mgeni akichelewa Mwanza siku moja zaidi kwa ajili ya habari hiyo, atalala, atakula na atapanda bodaboda. Hatudai kwamba gofu moja litaondoa umaskini. Tunasema gharama ya kuanza ni ndogo kuliko gharama ya kupoteza.

Kazi ianzie kwako

Kabla mgeni hajaruhusiwa kukanyaga eneo lolote la vita, wataalamu wa jeshi walikague na kuthibitisha kwamba hakuna bomu lililobaki. Hatua hii haina mkato. Mwananchi naye ana sehemu yake. Ukikuta kitu cha chuma unachokitilia shaka shambani, usikiguse, usikigonge, usikitie motoni na usikiuze. Wazuie watoto, weka alama kwa mbali, kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama nyumbani kwenu yupo aliyekimbia Kyaka na mtoto mgongoni, aliyekuwa mgambo, au aliyesikia mlipuko kutoka upande wa Saanane, kaa naye. Andika jina lake, mahali alipokuwa, njia aliyopita, na aliowapoteza, kwa maneno yake mwenyewe. Mwombe ridhaa, kisha peleka nakala kwa afisa utamaduni wa wilaya. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 daraja lile lilipolipuliwa sasa amevuka miaka 65. Gofu la Kyaka likitunzwa linaweza kutusubiri. Yeye hawezi.