Karamu Isiyo na Samaki wa Ziwa

Mhariri ameniomba niwaandikie wanafunzi habari za Ziwa Mweru, ambako nakaa siku hizi. Nilifikiri sana nianzie wapi. Kutaja marefu na mapana ya ziwa ni kazi ya ramani, na ramani mnayo ukutani darasani. Basi nitawaeleza habari ya chakula kimoja kibaya, maana ndani yake limo somo zima la ziwa hili.

Kwanza mahali penyewe. Kashikishi ni mji uliogusana na Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula, Zambia, nao uko ufukoni kabisa. Ng'ambo ni Kongo. Mto Luapula huingia ziwani upande wa kusini, na maji hutoka kaskazini, penye Pweto, kwa jina la Luvua. Urefu wa ziwa ni yapata kilometa 130, lakini kina chake si kama cha Tanganyika. Kwa wastani ni mita 7 au 8 tu. Maji ya namna hiyo, yenye joto na kuletewa rutuba na mto, samaki huyapenda sana kwa kuzaa. Lakini samaki wa maji ya namna hiyo ni rahisi pia kuvuliwa mpaka wakaisha. Wenyeji husema Kibemba. Kiswahili twakisikia sokoni kwa watu wavukao kutoka Kongo.

Sasa karamu. Mwezi wa Februari kijana wa shemeji yangu alipata habari kwamba amefaulu mtihani wa mwisho wa sekondari, naye ni wa kwanza kufika hapo katika ukoo wao. Baba yake ni mvuvi. Alikuwa ameweka akiba tangu Oktoba, akasema siku hiyo hatuli nyumbani. Twende hoteli kubwa ya kando ya ziwa, yenye vitambaa vyeupe mezani. Jina lake sitalitaja. Tulikuwa watu 9, pamoja na bibi yake kijana, mzaliwa wa Kisiwa cha Kilwa (Kilwa iliyomo humu ziwani, si Kilwa yetu ya pwani).

Karatasi ya vyakula ilisema "samaki wa ziwa". Shemeji akamwuliza mtumishi, "Je, ziwa si limefungwa?" Akajibiwa kuwa wao wana sanduku la barafu, na samaki ni wa humu humu, wa mwezi wa Novemba. Shemeji akanyamaza, kwa kuwa siku ya furaha si siku ya ubishi. Tulingoja karibu saa 2. Chakula kilipofika, kila mtu aliwekewa kipande cheupe cha mraba, kimefunikwa mchuzi mzito wa rangi ya manjano.

Bibi akakigeuza kwa kidole. "Kichwa chake kiko wapi?" akauliza. "Mimi nitamjuaje samaki asiye na uso?"

Tukacheka, lakini swali lake lilikuwa swali la mwalimu. Samaki mbichi hutambulikana kwa jicho lililong'aa na kutuna, kwa mashavu mekundu ndani, na kwa nyama ambayo ukiibonyeza hurudi mahali pake. Ukimkata kichwa, ukamvua ngozi, ukamwagia mchuzi, umeondoa ushahidi wote. Uliobaki ni ulimi, na ulimi wa bibi ulikataa mara moja. Nyama ilikuwa ya majimaji, imelegea kama mkate uliolowa. Mtumishi alipobanwa kwa maswali akakiri: samaki walikuwa wa kufugwa, waliletwa wamegandishwa kutoka upande wa Kariba, mwendo usiopungua kilometa 1,000 kwa barabara. Bibi akala ugali na mboga, akasifu maji ya kunywa. Shemeji akalipa fedha yote bila neno, na kijana akawa anaitazama sahani yake tu. Hilo ndilo lililoniuma mimi.

Sasa somo. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika maji mengi ya nchi, na Mweru ni mojawapo. Kariba haimo katika katazo hilo. Miezi hiyo ni ya mvua, na samaki wengi huzaa. Mtazameni yule aitwaye hapa pale, ndugu wa perege wetu. Jike lake hukusanya mayai kinywani, na hata watoto wakiisha kuanguliwa hukimbilia kinywani mwake wakiona hatari. Ukimvua mama huyo mmoja, umevua na kizazi chake chote.

Tena katazo hili halikutoka hewani. Zamani mto Luapula ulikuwa na samaki aitwaye mpumbu, ambaye mvua zilipoanza alipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Wafanya biashara Wagiriki waliokaa Kasenga, upande wa Kongo, walinunua samaki wa Luapula na Mweru, wakawapakia katika barafu kwenda kulisha wachimba madini wa Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Nyavu zikatandwa njiani mwa mpumbu wakati ule ule wa kutaga. Kufikia miaka ya 1950 yale makundi makubwa yalikuwa yamekwisha. Wazee wangali wakimtaja kama watu wamtajavyo jamaa aliyehama.

Kwa hiyo mimi siilaumu hoteli kwa kukosa samaki wa ziwa mwezi wa Februari. Kama ingekuwa nao wabichi, ingestahili kushitakiwa. Nailaumu kwa karatasi yake. Februari hapa kuna uyoga wa porini, mahindi mabichi, kisamvu, matembele na kuku wa kienyeji. Laiti wangeandika hayo kwa ukweli, shemeji angekuwa na karamu ya kukumbukwa, na bibi angekula akashiba.

Msomaji atakaye kulijua ziwa hili kwa kinywa chake na aje mwisho wa Julai. Wakati huo Walunda hufanya sherehe yao ya Mutomboko huko Mwansabombwe, kusini mwetu, ambapo Mwata Kazembe hucheza ngoma mbele ya watu wote. Uvuvi huwa wazi, na sokoni Kashikishi pale huuzwa mzima, na kichwa chake.