Umbo la Mikono ya Upinde: Upana au Unene?

Upinde wa mti ni chombo cha kuhifadhi nishati. Mpigaji anapovuta ugwe, kazi ya misuli yake huwekwa akiba katika mti uliopindwa. Auachiapo, sehemu ya nishati hiyo huenda kwa mshale, na sehemu hutumika kuisukuma mikono yenyewe ya upinde. Kwa hiyo mchongaji ana maswali mawili: ni umbo gani litakalostahimili kupindwa, na ni umbo gani litakalopoteza nishati kidogo? Majibu yake hayaelekei upande mmoja.

Kwanza, kuvunjika. Mkono unapopinda, upande wa nje, uitwao mgongo, huvutwa. Upande unaomwelekea mpigaji, yaani tumbo, hugandamizwa. Katikati pana tabaka lisilovutwa wala kugandamizwa, na kadiri nyuzi za mti zilivyo mbali nalo ndivyo mkazo wake unavyozidi. Basi, kwa mpindo ule ule, mkono mnene huumia zaidi kuliko mkono bapa.

Ukakamavu wa mkono wenye mkato wa mstatili huongezeka sawia na upana wake, na sawia na kipeo cha tatu cha unene wake. Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani kwa rula mbili za mbao zilizo sawa. Rula moja ibanwe ukingoni mwa meza, uzito mdogo utundikwe kwenye ncha, na mshuko upimwe. Rula mbili zikibanwa ubavu kwa ubavu na kuubeba uzito huo kwa pamoja, mshuko huwa nusu. Zikipangwa moja juu ya nyingine bila gundi, jibu ni lile lile, nalo huwashangaza wanafunzi wengi, kwa kuwa wao hudhani unene umekwisha kuongezeka. Zikigandishwa barabara kwa gundi, mshuko hushuka hadi sehemu moja ya nane.

Tuchukulie mkono wenye upana wa mm 30 na unene wa mm 12, unaotakiwa uwe na ukakamavu maradufu. Njia mojawapo ni kuufanya upana uwe mm 60: mkazo haubadiliki, ila tungamo huwa mara mbili. Njia nyingine ni kuongeza unene hadi mm 15 na kidogo: tungamo huongezeka kwa asilimia 26 tu, lakini mkazo nao huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Upana, basi, hununua usalama kwa bei ya uzito.

Hata hivyo uzito hauna gharama moja kila mahali. Kwa makadirio, mkono huzunguka penye kishikio, na nishati mwendo hufuata mraba wa kasi. Gramu moja iliyo katikati ya mkono huchukua robo tu ya nishati ya gramu iliyo nchani. Tena momenti ya kani hupungua kuelekea nchani. Upana ukipunguzwa taratibu kutoka kishikioni, kama pembetatu, na unene ukaachwa uleule, mkazo huwa sawa kotekote, na mkono hupinda kama sehemu ya duara. Hesabu huonyesha kwamba mkono wa namna hiyo huchukua robo ya nishati mwendo ya mkono wenye upana usiobadilika. Ncha iachwe na milimita kumi na kitu, ili ugwe upate pa kushika.

Je, pinde nyembamba zimewezekanaje? Zile zilizopatikana katika merikebu ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, ni nyembamba na nene, lakini zina urefu wa karibu mita 2, nao mti wake, Taxus baccata, hustahimili sana kupindwa. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi nao hutumia pinde ndefu zenye mkato wa duara. Urefu hupunguza mpindo wa kila sehemu. Aliye na fimbo fupi asiige umbo hilo.

Kwa mwanafunzi asiyejua tabia ya mti alionao, pembetatu bapa ndiyo chaguo la busara, maana upinde ukivunjika ukiwa umevutwa, vipande huruka karibu na uso wa mpigaji. Mti mkavu kwa kawaida hustahimili mvuto kuliko mgandamizo. Kwa hiyo tumbo ndilo huchoka kwanza, na upinde hubaki umejikunja hata ugwe ukitolewa. Lakini mgongo uliokatwa nyuzi hupasuka ghafla. Miti mingi ya nchi za joto haina pete zilizo wazi za kufuata. Ni afadhali kupasua gogo na kuuacha uso wake wa asili, ulio chini ya gome, uwe mgongo. Unene hupunguzwa tumboni peke yake, kwa kukwangua palipo pagumu na kupaacha panapopinda mno, huku ugwe ukivutwa kidogo kidogo baada ya kila mkwanguo.